Bidhaa zinazojipasha joto: maana ya Daraja 4.2 na namna ya kuzipanga kabla ya safari

Fundi seremala akimaliza kupaka meza mafuta ya kitani, kitambaa alichofutia kinaweza kuishia pawili. Akikianika kwenye kamba, kesho yake kitakuwa kimekauka na kukakamaa, basi. Akikifinyanga na kukitupa kwenye ndoo pamoja na vingine kumi, usiku huohuo ndoo inaweza kufuka moshi bila mtu kuwasha kiberiti. Mafuta ni yaleyale na hewa ni ileile. Tofauti ni kwamba ndani ya ndoo joto limekosa pa kutokea.

Huko ndiko kujipasha joto. Bidhaa inaungana na oksijeni ya hewa polepole, muungano huo unatoa joto, na joto likizalishwa kwa kasi kuliko linavyotoka, bidhaa inazidi kupanda joto yenyewe kwa yenyewe. Kadiri inavyopanda, ndivyo muungano unavyokwenda kasi zaidi. Mwisho wake ni moto unaoanzia katikati ya rundo, mahali ambapo jicho halifiki. Kanuni za Umoja wa Mataifa za usafirishaji wa bidhaa hatari zinaviweka vitu vya namna hii kwenye Daraja 4.2, na zinavitambua kwa sifa moja: vinawaka vikiwa vingi tu, yaani kilo na tani, na baada ya saa au siku nyingi.

Daraja hilohilo lina kundi jingine ambalo watu hulichanganya na hili. Kuna vitu vinavyoshika moto ndani ya dakika 5 tu baada ya kuguswa na hewa, hata vikiwa kidogo, kama fosforasi nyeupe. Hivyo huenda moja kwa moja Kundi la Ufungashaji I, lile la hatari kubwa kabisa. Vitu vinavyojipasha joto haviingii humo kamwe. Vyenyewe ni Kundi II (hatari ya kati) au III (hatari ndogo). Pia visichanganywe na vitu vya Daraja 4.1 vinavyojivunja vyenyewe bila kuhitaji oksijeni, wala vya Daraja 4.3 vinavyotoa gesi ya kuwaka vikigusana na maji. Tofauti hii ina kazi yake: chenye kuhitaji hewa unaweza kukizuia kwa kukinyima hewa. Kinachojivunja chenyewe hakijali hata ukikifunga.

Sasa tuje kwenye ukubwa, kwa sababu hapo ndipo wasafirishaji wengi wanapokosea. Joto huzalishwa na ujazo wote wa rundo, lakini hutoka kwa kupitia ngozi yake ya nje. Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 una ujazo wa lita 1, na kwa hesabu kila mita ya ujazo ya kitu kilichogawanywa hivyo ina mita za mraba 60 za ngozi. Mchemraba wenye upande wa mita 3 una mita za ujazo 27, karibu na kontena la futi 20, na kila mita yake ya ujazo ina mita za mraba 2 tu. Mzigo ule ule, mlango wa joto umepungua mara 30. Kwa hiyo mtu anayesema “nimeweka mfuko mmoja ofisini mwezi mzima haukufanya kitu” hajathibitisha lolote kuhusu kontena lililojaa.

Kipimo rasmi kimejengwa juu ya hesabu hiyo. Katika Mwongozo wa Vipimo na Vigezo wa Umoja wa Mataifa kinaitwa N.4. Mfano uliotumika kuweka mpaka ni mkaa wa miti: mchemraba wa mita za ujazo 27 za mkaa hujiwasha kwenye mazingira ya nyuzi joto 50, na kiwango hicho hulingana na mchemraba wa sentimita 10 ndani ya oveni yenye nyuzi 140. Hakuna maabara inayoweza kuchoma kontena zima kila wiki, kwa hiyo hupima kidogo kwenye joto kubwa badala ya kingi kwenye joto dogo.

Chombo chenyewe ni kikapu cha mchemraba cha wavu wa chuma cha pua, matundu yake milimita 0.05, juu wazi. Vikapu ni viwili, cha upande wa milimita 25 na cha milimita 100. Sampuli hujazwa hadi ukingoni na kikapu kugongwagongwa mara kadhaa. Ikishuka huongezwa, ikizidi hupunguzwa ilingane na ukingo. Kikapu hufunikwa kwa wavu mwingine ili upepo wa feni ya oveni usikipoze, kisha huning'inizwa katikati ya oveni. Waya mmoja wa kupimia joto huingizwa katikati kabisa ya sampuli, wa pili hukaa kati ya sampuli na ukuta wa oveni. Joto hupandishwa hadi nyuzi 140 na kushikiliwa hapo kwa saa 24, likiyumba nyuzi 2 tu juu au chini.

Kwenye mchoro wa joto unaona hadithi nzima. Sampuli yenye unyevu hupanda hadi karibu nyuzi 100 na kukaa hapo, maana maji yanachemka na kubeba joto. Yakiisha, mstari unapanda hadi kuifikia oveni. Kitu kisicho na neno hubaki hapo hadi asubuhi. Kinachojipasha joto huipita oveni: 143, 149, 158, kisha mstari unasimama wima kama ukuta. Jibu huwa “ndiyo” kama sampuli imewaka au imezidi oveni kwa zaidi ya nyuzi 60, yaani imevuka 200 kwenye oveni ya 140.

Uamuzi unakwenda kwa ngazi. Unaanza na kikapu kikubwa kwenye nyuzi 140. Jibu likiwa “hapana”, bidhaa si ya Daraja 4.2 na kazi imekwisha. Likiwa “ndiyo”, unarudia kwa kikapu kidogo kwenye 140. Nacho kikisema “ndiyo”, hiyo ni Kundi II bila mjadala. Kikisema “hapana”, bidhaa ni Kundi III, isipokuwa kifungashio kikiwa kidogo na vipimo viwili vya ziada vikiruhusu. Kikapu kikubwa kikikataa kujipasha kwenye nyuzi 120, vifungashio visivyozidi mita za ujazo 3 husamehewa. Kikikubali kwenye 120 lakini kikakataa kwenye 100, msamaha unabaki kwa vifungashio visivyozidi lita 450.

Tuchukulie udongo uliotumika kusafishia mafuta ya kula kiwandani. Unatoka ukiwa umenyonya mafuta, na punje zake ni laini sana, kwa hiyo mafuta yametandazwa kwenye eneo kubwa mno linaloguswa na hewa. Kikapu kikubwa kwenye 140 kinafika 231: ndiyo. Kidogo kwenye 140 kinaishia 158: hapana. Kikubwa kwenye 120 kinafika 190: ndiyo, kwa kuwa kimepita 180. Kwenye 100 kinaishia 121: hapana. Udongo huo ukiwekwa kwenye magunia ya kilo 50, kanuni inausamehe. Ukiwekwa kwenye mifuko ya jumbo ya mita moja ya ujazo, ni Daraja 4.2, Kundi III, na unahitaji tamko la bidhaa hatari na kibandiko chenye nusu ya juu nyeupe, nusu ya chini nyekundu, mwali wa moto na tarakimu 4 kwenye pembe ya chini.

Msamaha huo una udhaifu wake, na inafaa usemwe wazi. Kanuni inahesabu kifungashio kimoja kimoja, lakini joto halijui kushona kwa gunia. Magunia 400 yaliyobanwa kontenani kutoka sakafu hadi dari ni rundo moja. Mwenye busara huacha nafasi za hewa hata pale karatasi inaposema si lazima.

Majibu ya maabara nayo huharibika kabla sampuli haijafika. Kosa kubwa ni kuchota juu ya rundo. Tabaka la juu limeshakula oksijeni yake kwa wiki kadhaa na limepoa. La ndani bado lina nguvu. Kosa la pili ni kutuma sampuli kwenye mfuko uliojaa nusu, ambamo hewa iliyobaki inaichosha njiani. Chota ndani, jaza chombo hadi shingoni, funga kisipitishe hewa, tuma haraka. Kosa la tatu ni kupeleka chenga kubwa wakati mzigo una vumbi jingi, kwa kuwa vumbi ndilo linalowasha. Na waya wa joto ukiingia pembeni badala ya katikati, utasoma kasoro na kukupa “hapana” ya uongo.

Bidhaa kadhaa za kwetu tayari zina majina na namba zake za Umoja wa Mataifa (UN), kwa hiyo hazianzi na swali la “ni nini hii?”. Mbata ni UN 1363. Mashudu yenye mafuta zaidi ya asilimia 1.5 na unyevu usiozidi asilimia 11 ni UN 1386. Yenye mafuta yasiyozidi asilimia 1.5 na unyevu usiozidi asilimia 11 ni UN 2217. Mashudu yaliyokamuliwa kwa mashine hubaki na mafuta mengi kuliko yaliyotolewa kwa kiyeyushi, na hapo ndipo hatari inapotofautiana. Unga wa samaki usiotiwa dawa ya kuzuia oksijeni, ule wa dagaa ukiwemo, ni UN 1374, Kundi II. Ukitiwa dawa hiyo unakuwa UN 2216 na kuhamia Daraja 9, lile la hatari nyinginezo. Pamba taka yenye mafuta ni UN 1364. Maranda ya chuma kutoka karakana ya mashine yakiwa katika hali ya kujipasha joto ni UN 2793. Bidhaa isiyo na jina lake huingia UN 3088 ikiwa ya kikaboni (ogania), au UN 3190 kama si ya kikaboni.

Mkaa, UN 1361, unastahili maneno zaidi. Wachoma mkaa wanajua tanuru linaloonekana limezimika hushika tena likifunuliwa mapema. Mkaa mpya una vitundu vingi vyenye njaa ya oksijeni, na kila kinachonyonywa kinatoa joto. Kwa miaka mingi mkaa uliofaulu N.4 ulisafiri baharini kama mzigo wa kawaida, na meli za makontena zikaendelea kuungua. Toleo la 42-24 la IMDG, yaani kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari baharini, la lazima tangu 1 Januari 2026, limefuta msamaha huo. Sasa mkaa unatakiwa kuachwa wazi chini ya paa angalau siku 14 baada ya kuchomwa, au upoozwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, na siku ya kufungashwa joto lake lisizidi nyuzi 40. Hati ya shehena ionyeshe tarehe ya kuchomwa, tarehe ya kufungashwa na joto lililopimwa siku hiyo. Ndani ya kontena juu ya mzigo ibaki nafasi ya sentimita 30, na ama urefu wa mrundikano usizidi mita 1.5, ama mzigo ugawanywe mafungu yasiyozidi mita za ujazo 16, yaliyotenganishwa kwa sentimita 15.

Siku 14 zinahesabiwa toka kuchomwa, si toka kununuliwa, na mkaa uliokusanywa kwa wachomaji ishirini una tarehe ishirini. Ya kuandikwa ni ya mwisho. Joto nalo lipimwe kwa kipimajoto cha mkuki kinachozama katikati ya gunia. Kile cha kuelekeza kwa mbali kinasoma ngozi ya gunia tu, na gunia lililokaa kivulini litakuambia 31 huku tumbo lake likiwa 60.

Njiani, dalili ya kwanza huwa harufu: ya mafuta yaliyochacha kwa mbata na mashudu, ya moshi mkavu kwa mkaa. Kisha rangi ya ukuta wa kontena hubabuka mahali pamoja. Kufungua mlango kuangalia ni kuupelekea moto hewa uliyokuwa umeikosa. Na hata kama hakuna moto, ngama (tumbo la meli) au kontena lenye mkaa, mbata au mashudu linaweza kuwa limekwishatumia oksijeni yake na kujaa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi. Kabla mtu hajashuka ngamani, hewa ipimwe oksijeni na monoksidi ya kaboni, juu, katikati na chini, kwa kifaa kinachoteremshwa kwa kamba.