Shimo jeusi si andazi

Ni mara ya nne mwezi huu. "Mwalimu, kama ulimwengu unatanuka, mashimo meusi nayo si yanatanuka?" Safari hii muulizaji aliambatisha video, na ndani ya video mna puto, lile linalopulizwa kuonyesha jinsi ulimwengu unavyotanuka. Puto hilo nimelichoka.

Hayatanuki. Kinachonikera zaidi ni jibu linalotolewa na wale wanaodhani wanajua: eti mvutano wa shimo ni mkali kiasi cha kuushinda utanukaji. Kuushinda wapi? Hapo hakuna mashindano. Jibu hilo linaifanya anga kuwa unga wa maandazi unaoumuka na kuisukuma kila hiliki iliyomo. Galaksi mbili za mbali zinaachana leo kwa sababu zilikuwa zinaachana jana, hakuna mkono unaozivuta. Mwaka 1945 Einstein na Straus walilionyesha hilo kwa hesabu. Chukua tufe moja la ulimwengu unaotanuka, kusanya maada yake yote katikati iwe shimo jeusi, kisha angalia uwazi uliobaki. Jiometri utakayoikuta humo ni ileile ya Schwarzschild ya 1916, yaani ya shimo jeusi lililo peke yake katika uwazi mtupu. Huko nje ulimwengu unaendelea kutanuka, huku ndani hakuna habari.

Kinachopenya hadi ndani ni Lambda (Λ), ile namba isiyobadilika ya kikosmolojia inayowakilisha msukumo wa uwazi wenyewe, na chenyewe hakitanuki. Kottler alikiingiza kwenye mlinganyo wa Schwarzschild mwaka 1918: toa Λr²/3 (r ni umbali kutoka katikati), basi. Kwa kuwa Λ ni kama 1.1 × 10⁻⁵² kwa kila mita ya mraba, tulijaribu na shimo jeusi kubwa la galaksi ya M87, lenye uzito wa majua bilioni 6.5. Upeo wake, yaani mpaka ambao hata nuru ikiuvuka hairudi, uko kilomita bilioni 19 hivi kutoka katikati, na Lambda inausogeza nje kwa umbali mdogo kuliko atomu moja. Ukishasogea, unatulia hapohapo. Athari ya maana iko mbali. Kwa shimo lenye uzito wa Jua, mvutano na Lambda vinalingana kwenye miaka ya nuru 360 hivi, na upeo wa pili, ule wa kikosmolojia, ambao nuru iliyo ng'ambo yake haitufikii kamwe, uko kwenye bilioni 17. Ongeza uzito na peo hizo mbili zinakaribiana. Zinakutana kwenye majua 2 × 10²² hivi, na juu ya hapo huna tena shimo jeusi.

Sasa neno "bapa", ambalo limenigombanisha na watu wengi. Naambiwa: "Wa satelaiti ya Planck walipima, ulimwengu ni bapa, kwa hiyo Schwarzschild anatosha." Jamani! Kilichopimwa kuwa bapa ni anga, yaani kipande kimoja cha anga-wakati (anga na wakati vikiwa kitu kimoja) kilichokatwa kwa saa moja ya kikosmolojia. Pembetatu kubwa humo ina nyuzi 180. Schwarzschild anadai kitu kingine kabisa, kwamba anga-wakati yenyewe inakuwa bapa ukienda mbali. Penye maada au Lambda haiwi bapa, na mahali anapopataka yeye ulimwengu wetu hauna. Ulimwengu wa de Sitter, usio na kitu ila Lambda, ndio mfano ninaoupenda: ukiukata hivi, vipande ni bapa, ukiukata vile, vimefumba kama tufe, kwa namna ya tatu, vimefunguka kama tandiko la farasi. Embe ni lilelile, kisu ndicho kimegeuka. Kwa hiyo mtu akiniuliza shimo jeusi "katika ulimwengu usio bapa", swali langu la kwanza ni kipi hasa ambacho si bapa. Wengi huishia hapo.

Lambda ni rahisi kwa sababu haibadiliki wala haianguki shimoni. Maada halisi ndiyo inayoninyima usingizi. McVittie aliandika mwaka 1933 suluhisho la milinganyo ya Einstein kwa tungamo lililozama ndani ya maada inayotanuka, na kwa miongo mingi watu walibishana kama hilo ni shimo jeusi kweli, kwa sababu kwenye uso ambao ungetarajiwa kuwa upeo wake shinikizo linakuwa halina ukomo. Mwaka 2010 Kaloper, Kleban na Martin walitetea kwamba ni shimo jeusi, mradi Lambda iwepo na iwe chanya. Mimi nafundisha hivyo, ila moyoni sijaridhika, maana katika suluhisho hilo maada imekatazwa kuanguka ndani. Shimo jeusi lisilokula!

Ndiyo maana mwaka 2023, yalipotoka madai kwamba uzito wa mashimo meusi hukua sambamba na ujazo wa ulimwengu, sikucheka. Siyaamini: kwenye kishada kikongwe cha nyota cha NGC 3201 kuna mashimo mepesi ambayo, kwa hesabu hiyo, yangekuwa yamezaliwa na uzito mdogo kuliko wa nyota za neutroni, labda kama pembe tunayoyatazamia inatuficha uzito wao halisi. Lakini waliodai hivyo waligusa kidonda cha kweli. Upeo wa matukio tunaufafanua kwa nuru inayofika mbali kusiko na mwisho, katika anga-wakati iliyo bapa huko. Sisi hatuna huko.

Aliyeniletea puto nimemjibu "hayatanuki", basi. Akaniuliza: "Una uhakika?" Bado sijamjibu.