Je, Wajua kwa Nini Mahadhi Yale Yale Hugusa Zaidi Katika Sehemu ya Pili ya Filamu?

Wapo watu wanaotoka Nyali Cinemax wakizungumza juu ya picha waliyoiona, na wapo wachache wanaotoka wakiipigia mbinja. Makala haya ni ya hao wachache, na ya yeyote aliyewahi kujiuliza: kwa nini muziki wa okestra katika sehemu ya pili ya filamu ya katuni husikika mzito kuliko ule wa sehemu ya kwanza, hata pale ambapo mahadhi ni yale yale?

Nitachukua mfano mmoja, kwa kuwa ndio ulio safi kuliko yote niijuayo. Katika How to Train Your Dragon ya 2010 na sehemu yake ya pili ya 2014, mtunzi wa muziki ni Mwingereza John Powell. Studio ni DreamWorks mara zote mbili. Dean DeBlois ameongoza zote, ya kwanza akiwa pamoja na Chris Sanders, ya pili akiwa peke yake. Basi muziki ukibadilika, hatuwezi kusema umebadilika kwa sababu kaja fundi mwingine. Bahati hiyo haipatikani kila siku. Ice Age ya kwanza, ya 2002, ilitungiwa muziki na David Newman. Ya pili ilipotoka 2006, kazi ilikuwa imehamia kwa Powell huyu huyu.

Kwa asiyeijua hadithi: Hiccup ni kijana wa kisiwa cha Berk, kwa Waviking, mabaharia wapiganaji wa kale wa Ulaya ya kaskazini, wanaopigana na majoka wanaowaibia kondoo. Babake, Stoick, ndiye mkuu wa kijiji. Hiccup anamwangusha joka mmoja, anamkuta kaumia mkia hawezi kuruka, anampa jina la Toothless na kumtengenezea kipande cha mkia cha bandia. Wanakuwa marafiki, na urafiki wao unaumaliza ugomvi wa kijiji kizima. Sehemu ya pili inaanza miaka mitano baadaye. Majoka sasa ni wenyeji wa Berk, Hiccup ana miaka 20, na huko mbali anamkuta mamake, Valka, ambaye wote walidhani alikufa zamani.

Ukimuuliza mtu kwa nini muziki wa pili unamshika zaidi, atakujibu haraka: ni mkubwa. Jibu hilo lina ukweli. Muziki wa sehemu ya pili ulirekodiwa Abbey Road, London, kwa okestra ya wapigaji wapatao 120, na kwaya imepewa kazi nyingi kuliko katika filamu ya kwanza. Bendi ya Kiskoti ya Red Hot Chilli Pipers ikaongezwa kwa ajili ya bagpaipu, zumari za Kiskoti zenye mfuko wa hewa. Watu wote hao wakipuliza, wakikokota nyuta juu ya nyuzi na kupiga ngoma kwa pamoja, kifua lazima kitetemeke. Ila honi ya meli inayoingia Kilindini nayo hutetemesha kifua, na sijaona mtu akilia kwa ajili yake. Ukubwa unaeleza mshtuko. Machozi yana sababu nyingine.

Wala sababu yenyewe si fedha. Filamu ya kwanza iligharimu takribani dola milioni 165, ya pili takribani dola milioni 145. Iliyofuata ilitengenezwa kwa pesa chache kuliko ya kwanza.

Ninachoamini mimi ni kwamba kazi yote inafanywa na kumbukumbu ya msikilizaji. Katika filamu ya kwanza mtunzi ana mzigo wa kukufundisha mahadhi yake: hili ni la kijiji, hili ni la kuruka, hili ni la urafiki. Katika filamu ya pili umeingia ukiwa umekwisha kuyabeba kichwani. Sasa anaweza kuyacheza. Anaweza kukupa nusu ya mahadhi akakuacha uyamalizie mwenyewe, akayapunguza mwendo, akawanyang'anya wapiga tarumbeta na kuwapa wapiga fidla, na kila badiliko likawa na maana kwa sababu unajua yalivyokuwa kabla.

Angalia namna filamu hizi mbili zinavyofunguliwa. Kila moja inaanza kwa sauti ya Hiccup akikitambulisha kijiji: hapa ni Berk. Katika ya kwanza ni usiku, majoka wanachoma nyumba, watu wanakimbia na mashoka, na mahadhi ya Waviking yanapigwa kwa ala za shaba na ngoma nzito, yakiita vita. Katika ya pili ni mchana mweupe. Watu wale wale wako jukwaani wakishangilia mbio za majoka, wakimbiaji wakinyang'anyana kondoo angani, na mahadhi ya vita yamegeuka kuwa ya mchezo. Mwenye kuisikia sehemu ya pili bila ya kuijua ya kwanza atafurahi, lakini atasikia sherehe tu. Aliyeijua ya kwanza anasikia sherehe na vita vilivyokwisha, vyote kwa wakati mmoja.

Mfano wa kuruka ndio ninaoupenda zaidi. Katika albamu ya 2010 kuna kipande kiitwacho Test Drive, cha dakika mbili na nusu hivi. Hiccup amempanda Toothless na anaujaribu ule mkia wa bandia kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Karatasi inapeperuka, yeye mwenyewe anachopoka mgongoni, wote wawili wanaporomoka kuelekea baharini. Anapomdaka joka wake tena hana nafasi ya kusoma chochote, anaongoza kwa hisia katikati ya majabali, na hapo okestra nzima inayashika mahadhi ya kuruka bila ya kujizuia. Ni ushindi uliopatikana sekunde hiyo hiyo, mbele ya macho yako.

Mwaka 2014 mahadhi hayo yanarudi mapema, Hiccup akiwa peke yake na joka wake juu ya mawingu. Safari hii yana maneno. Jónsi, mwimbaji wa bendi ya Sigur Rós ya Aisilandi, anaimba Where No One Goes, wimbo alioutunga pamoja na Powell juu ya mahadhi ya kipande kile cha kwanza. Katika filamu ya 2010 Jónsi pia aliimba, ila wimbo wake uliwekwa mwishoni, majina ya watengenezaji yakipita, ukawa umejitenga na okestra. Sasa sauti yake imeingizwa katikati ya uti wa mgongo wa filamu. Kuruka kulikokuwa muujiza kumekuwa maisha ya kila siku ya kijana huyu, na kitu cha kila siku ndicho mtu anachokiimba.

Sisi wa Mombasa hatukungoja Hollywood ituoneshe nguvu ya mahadhi yanayorudi na maneno mapya. Juma Bhalo alijulikana pwani nzima kwa kuyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavika mashairi ya Kiswahili. Waliokuwa wakienda kutazama picha za Kihindi katika majumba ya sinema ya mjini, enzi za Regal, Naaz na Majestic, wakikaa harusini na kumsikia Bhalo akianza, walisikia vitu viwili: shairi lililo mbele yao, na filamu waliyoiona zamani. Wapenzi wa taarabu wamebishana sana iwapo kuazima huko ni halali. Mimi naona ilikuwa njia ya kulipatia shairi urefu wa pili bila ya kuliongezea ubeti. Tofauti ya Powell ni kwamba ameazima kutoka kwake mwenyewe.

Na si jambo la hisia tupu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki waliouchagua wenyewe, ule unaowasisimua mwili. Waliona kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, hutolewa mara mbili: sehemu moja ya ubongo huitoa kilele cha muziki kinapofika, na sehemu nyingine huitoa kabla, msikilizaji akiwa anakingoja. Kungojea penyewe ni raha. Sasa mtu hawezi kungojea kilele asichokijua, au angalau hawezi kukingojea kwa uhakika ule. Muziki wa filamu ya pili unakukuta ukiwa tayari unangoja, na mtunzi anajua unangoja nini.

Anayetaka kuitazama filamu ya pili bila ya kujua kinachotokea na aruke aya hii. Stoick anakufa. Anakufa akimkinga mwanawe, na anayemuua ni Toothless, akiwa ametekwa akili na joka mkubwa wa adui. Kabla ya hapo amempata mkewe tena na wameimba pamoja wimbo wa ujana wao, For the Dancing and the Dreaming, ambao maneno yake yaliandikwa na Shane MacGowan. Kisha yanakuja mazishi ya Kiviking, mashua ikisukumwa baharini na mishale ya moto ikifuata, na muziki unajengwa kwa kwaya na bagpaipu. Kwa filamu moja na nusu tumezoea kumsikia mtu huyu kwa kishindo na fahari. Sasa fahari ipo bado, ila kishindo kimetolewa. Naamini hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote katika muziki wa sehemu ya pili, na pasingewezekana mwaka 2010, kwa sababu wakati huo Stoick alikuwa mgeni kwetu.

Bagpaipu hizo zina sababu yake. Cressida Cowell, aliyeandika vitabu vilivyozaa filamu hizi, alikuwa akipelekwa utotoni kwenye kisiwa kidogo cha magharibi ya Uskoti, na katika filamu Waviking wazima huzungumza kwa lafudhi ya Kiskoti. Na sikio la mtu wa pwani haliioni sauti ile kuwa ngeni sana. Bomba la bagpaipu linalopiga mahadhi hulizwa na matete mawili yanayotetemeka pamoja, sawa na zumari yetu. Tofauti ni mfuko wa hewa chini ya kwapa na zile sauti za chini zinazovuma bila ya kukatika. Mombasa ina historia yake pia na mambo ya Kiskoti. Katika siku za ngoma ya beni, mwanzoni mwa karne ya 20, mji uligawanyika kwa mashindano ya vikundi, na miongoni mwao walikuwamo Kingi na Skochi. Skochi walichukua jina na mtindo wa vikosi vya Waskoti.

Je, basi muziki wa pili ni bora kuliko wa kwanza? Hapana, na nitalitetea hilo kwa kipande kimoja. Katika filamu ya kwanza kuna takribani dakika nne ambamo Hiccup na Toothless wanazoeana bila ya neno hata moja kusemwa. Kipande hicho kinaitwa Forbidden Friendship. Kinaanza kwa vidokezo vidogo vidogo vya ala za kugonga, kila kimoja peke yake, vikajibizana, zikaongezeka nyuzi, zikaongezeka sauti za watu, mpaka kijana ananyoosha mkono na joka anauegemezea pua. Huyo mnyama hajui nini kitatokea, kijana hajui, na msikilizaji hajui. Kutojua huko ndiko kunakokipa uhai. Sehemu ya pili ina tukio linalotaka kufanana nalo, Valka na mwanawe wakiruka pamoja, na muziki wake ni mpana, kwaya imejaa, mahadhi mapya ya mama ni mazuri kweli. Lakini tunajua tangu mwanzo kwamba litaishia vizuri, kwa kuwa lugha ya kuruka tumeshafundishwa.

Filamu ya kwanza ilikuwa pia ya kwanza ambamo Powell aliifanyia DreamWorks muziki wa katuni peke yake. Kabla yake alikuwa amegawana kazi na Harry Gregson-Williams katika Shrek, na pia na Hans Zimmer katika Kung Fu Panda. Ikampatia uteuzi wa tuzo ya Oscar. Muziki wa sehemu ya pili haukuteuliwa, jambo ambalo mimi naona ni dhuluma kidogo, ingawa nakiri ya kwamba mahadhi ya adui mpya wa Hiccup, Drago, yana vitisho vingi na sura kidogo. Ukimaliza filamu huwezi kuyaimba. Mahadhi ya zamani yanayazidi nguvu, na hiyo ndiyo hasara ya kurithi mahadhi mazuri: kila jipya linapimwa na lile ambalo watu wameshalipenda.

Mwenye kutaka kuyahakikisha haya avae spika za masikioni na asikilize Test Drive, kisha Where No One Goes, kisha kipande cha mazishi kiitwacho Stoick's Ship, kwa mpangilio huo bila ya kutazama picha. Halafu ampe mtu asiyezijua filamu hizi aanzie na cha tatu, amuulize amesikia nini.

Powell aliendelea na sehemu ya tatu mwaka 2019. Mwaka 2025 akapewa kazi isiyo ya kawaida: DeBlois aliirudia hadithi ya kwanza kwa waigizaji wa kweli badala ya katuni, na Powell akautunga upya muziki wake wa 2010. Kijana anaruka tena kwa mara ya kwanza, karatasi inapeperuka tena, lakini ukumbini wamo watu waliokuwa watoto filamu ya kwanza ilipotoka, ambao wanayajua mahadhi yale kabla ya noti ya kwanza kupigwa.