Msongo wa mawazo na IBS: unauleta au unauchokoza?

Mtu mwenye IBS (irritable bowel syndrome, yaani utumbo unaochokozeka kirahisi) hapa Uganda akifika kwa daktari wa tumbo, mara nyingi ameshatibiwa alsa, ameshatibiwa taifodi zaidi ya mara moja kwa kipimo cha damu kiitwacho Widal, na mwisho ameambiwa, "Huna ugonjwa, punguza mawazo." Jibu hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Mawazo yanahusika kweli. Lakini ugonjwa upo.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kwa vigezo vya kimataifa vya madaktari viitwavyo Roma IV, vya mwaka 2016, IBS ni maumivu ya tumbo yanayokuja walau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yaliyoanza miezi 6 au zaidi nyuma, tena yameambatana na mawili kati ya haya: yanahusiana na kwenda choo, mara za kwenda choo zimebadilika, au choo chenyewe kimebadilika, kikawa majimaji au vigololi vikavu. Kiungulia na kuungua chembe ya moyo ni habari nyingine.

Utumbo una mtandao wake wa neva, nao huwasiliana na ubongo kwa njia ya neva na ya homoni. Ukishtuka au ukiwa na wasiwasi, ubongo hutoa homoni iitwayo CRH, ambayo hufanya mambo mawili kwa pamoja: mfuko wa chakula unachelewa kumwaga, na utumbo mpana unaharakisha. Ndiyo maana asubuhi ya mtihani wa taifa wa UNEB mwanafunzi hawezi kumaliza chai lakini choo anakikimbilia. Huyo haumwi. Mtihani ukiisha, tumbo linatulia.

Kwa mwenye IBS neva za hisia zimekuwa kali kupita kiasi. Ukijaza upepo kidogo kidogo kwenye puto dogo lililowekwa njia ya haja kubwa, wengi wao huumia kwa kiasi ambacho mtu mzima wa afya anahisi kubanwa tu. Gesi ya kawaida ya maharage inakuwa maumivu. Msongo wa mawazo unaongeza ukali huo, maana seli za kinga zilizo karibu na neva hizo humwaga zaidi histamini, kemikali inayochokoza neva. Chumvi haichani ngozi, ila ikikuta kidonda utaijua.

Basi kidonda kimetoka wapi? Njia tunayoifahamu vizuri zaidi ni ya ugonjwa wa kuhara. Mei 2000, katika mji wa Walkerton nchini Kanada, maji ya bomba yaliingiwa na kinyesi cha ng'ombe na watu zaidi ya 2,000 wakaugua. Miaka miwili mitatu baadaye, karibu theluthi ya waliougua walikuwa na IBS. Kwa wasiougua, ni kama mmoja kati ya kumi. Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwa panya kwamba chakula kinacholiwa wakati utumbo una maambukizi kinaweza kuhesabiwa na kinga kama adui, na maambukizi yakishapona, chakula hicho hicho kinaleta maumivu. Hiyo ndiyo sababu sishangai mtu anaposema tumbo lake "halijarudi" tangu alipoharisha vibaya.

Hapa ndipo msongo wa mawazo unapopanda cheo kidogo. Aliyeugua kuhara akiwa tayari na wasiwasi mwingi au sonona ana hatari kubwa zaidi ya kubaki na IBS kuliko aliyeugua akiwa ametulia. Kwa hiyo kwa baadhi ya watu msongo ni sehemu ya chanzo, ukishirikiana na kimelea au bakteria, na pia kwa waliopitia mateso utotoni. Lakini mambo huenda na upande wa pili: utafiti wa Australia uliofuatilia watu kwa miaka 12 ulikuta kwamba waliokuwa na tumbo linalosumbua bila wasiwasi wowote walipata wasiwasi baadaye zaidi ya wenzao. Utumbo nao unaleta mawazo. Msimamo wangu ni huu: kwa wengi msongo unachokoza na kukuza, kwa wachache unachangia kuanzisha, na peke yake, kwa mtu ambaye utumbo wake haukuwa na shida yoyote, unaishia kwenye tumbo la siku ya mtihani.

Kabla ya kuulaumu, pima. Choo kipimwe kutafuta giardia na amiba, sampuli tatu za siku tofauti, maana vimelea hivi havitoki kila siku. Anayeishi au kuoga kando ya Ziwa Victoria, Ziwa Albert au mto Nile apimwe kichocho cha tumbo. Ongeza VVU na wingi wa damu. Widal moja isikupe taifodi; inaweza kuwa chanya kwa maambukizi ya zamani. Na kila kozi ya metronidazole (Flagyl, dawa ya amiba) "ya kujaribu" inavuruga bakteria wa utumbo bila faida.

Halafu chukua daftari, siku 14. Andika saa na chakula, aina ya choo kwa kipimo cha Bristol (1 ni vigololi vikavu, 7 ni majimaji matupu), maumivu kwa 0 hadi 10, saa za usingizi, na msongo kwa 0 hadi 10. Msongo uandikwe asubuhi na mchana, kabla maumivu hayajaja. Wengi wanaharibu hapa: wanaandika wakiwa wameshashika tumbo, na bila shaka kila siku ya maumivu inaonekana ya mawazo.

Kosa la pili ni la siri zaidi. Siku ya msongo mtu hapati mawazo tu. Anaruka chakula cha mchana, anakunywa kahawa, saa tatu usiku anakula rolex mbili barabarani, analala kwa saa nne tu. Rolex ni chapati ya ngano na mayai yaliyojaa vitunguu, na ngano na vitunguu vina fruktani, sukari ambayo utumbo mwembamba haumeng'enyi, bakteria wakaigeuza gesi. Bosi analaumiwa, kitunguu kinapona. Jaribu wiki moja kula matoke, posho (ugali) au wali kwa samaki, mchuzi usiwe na kitunguu, msongo ukiwa uleule. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, anza na vijiko viwili vitatu. Maziwa yaache wiki mbili, uone.

Daftari likionyesha msongo unatangulia hata chakula kikiwa kilekile, hapo tibu njia ya ubongo na utumbo. Pumua kwa tumbo, mkono juu ya kitovu: ingiza kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, dakika 10, mara mbili kwa siku, hata siku usipoumwa. Daktari anaweza kuandika amitriptyline, dawa ya zamani ya sonona, miligramu 10 usiku, akaipandisha taratibu hadi 30. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023 lilionyesha inasaidia. Si kwamba umeambiwa una kichaa. Kwa dozi hiyo inapunguza ishara za maumivu. Inakausha mdomo na inafunga choo, kwa hiyo inawafaa zaidi wanaoharisha, na mwenye shida ya moyo aseme mapema. Watu huiacha baada ya siku tano, wakati nafuu huchukua wiki kadhaa.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda, una homa, damu imepungua, choo kinakuamsha usingizini, au tatizo limeanza ukiwa na zaidi ya miaka 50, weka daftari kando urudi hospitali, hata kama lina mawazo kila ukurasa.