Ukikuta chombo kimetia nanga, tazama maji yanaelekea wapi

Nimeambiwa tena wiki hii, safari hii na mtu mwenye fimbo mpya ya kuvulia na boti ya mashine mbili, kwamba bahari haina mwenyewe na kwa hiyo kila mtu anaweza kutia nanga popote apendapo. Maneno hayo, hapa Dar es Salaam, nimeyasikia Kunduchi, nimeyasikia Msasani, nimeyasikia kwenye miamba ya Coco Beach, na karibu kila mara yanasemwa na mtu ambaye tayari amekwisha kumharibia mwenzake uvuvi. Mimi ni mvuvi wa mshipi, huwafundisha wanaotaka kujifunza, na nimechoka kulijibu jambo hili kwa kupaza sauti kutoka chombo kimoja hadi kingine. Nitaliandika hapa ili lisomwe na wale wanaoshuka baharini Jumamosi na Jumapili.

Hata kisheria maneno hayo si kweli. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inadai leseni, na visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975, kwa hiyo huko masharti ya hifadhi ndiyo yanayotangulia kabla hatujafika kwenye adabu za wavuvi. Baruti na kokoro, yaani wavu wa kukokota, sitavijadili, kwa sababu hakuna namna ya heshima ya kuvitumia. Ninazungumzia mtu mwenye leseni, aliye mahali halali, mwenye zana halali, na bado anawatendea wenzake ubaya bila kujua.

Utetezi wa kawaida huwa ni wa umbali. Mtu anaambiwa kwamba amemkalia mwenzake vibaya, naye anajibu kwamba ameacha nafasi ya kutosha, anaionyesha kwa mkono, na kweli nafasi ipo. Hapa ndipo subira inaponiishia, kwa sababu umbali peke yake hausemi lolote mpaka ujue maji yanakokwenda. Mvuvi aliyetia nanga juu ya mwamba hakai tu akingoja riziki imfuate. Anatupa chambo, yaani dagaa au vibua waliopondwa wakachanganywa na mchanga ili wazame badala ya kuelea, kidogo kidogo, bila kukatiza. Harufu ya chambo hicho inachukuliwa na mkondo na kutandazwa nyuma ya chombo, na changu au kelea aliye mbali huifuata akipanda dhidi ya mkondo mpaka zilipo ndoana. Njia hiyo ya harufu ndiyo haki ya aliyetangulia. Bahari hakuiumba yeye, wala samaki si wake kabla hajawavua, lakini njia ameitengeneza yeye kwa chambo chake na kwa muda wake, na akiacha kutupa, inafutika.

Sasa fikiria mahali pa kutia nanga. Ukikaa nyuma yake, upande maji yanakoelekea, unawapokea samaki njiani kabla hawajamfikia, hata kama uko mbali kiasi kwamba hamuwezi kuonana sura. Ukikaa mbele yake, upande maji yanakotoka, kosa lako ni la namna nyingine: mishipi yako inarudishwa na mkondo hadi chini ya omo yake, yaani sehemu ya mbele ya chombo chake, na nanga yako ikikokota, chombo kizima kinamshukia. Mahali pa heshima ni ubavuni, vyombo viwili vikitazama upande mmoja na kila kimoja kikiwa na njia yake ya chambo. Ubavuni unaweza kukaribia kuliko wengi wanavyodhani. Nimekaa na watu kwa umbali wa kuzungumza bila kupaza sauti, mishipi yetu ikishuka sambamba, na hapakuwa na mtu aliyepungukiwa.

Niliyaona haya waziwazi siku moja ya bamvua, yaani ya maji makubwa, maji yakipwa, kwenye mwamba ulio mbele ya Kunduchi ambao alama zake sitazitaja. Nilikuwa ngalawani na mzee mmoja ambaye ameuvua mwamba ule tangu ujana wake. Alikuwa amekwisha kutupa chambo kwa muda mrefu na changu walikuwa wameanza kudona, mdono ule wa kusitasita unaomfanya mvuvi aushike mshipi kwa ncha za vidole viwili tu. Boti ikaja, ikapunguza mwendo mapema ili isitutikise, ikatia nanga nyuma yetu, mbali. Kijana aliyeiongoza alitupungia mkono kwa adabu zote. Haikupita muda wakaanza kuvuta changu mmoja baada ya mwingine, huku mshipi wa mzee umelala kimya. Kisha yule kijana akaita, "Shikamoo mzee! Huku wanakula, sogeeni!" Mzee akaitikia marahaba, akafunika ndoo ya chambo na kukunja mikono. Muda si mrefu na wao wakakaukiwa, wakang'oa nanga, wakaondoka wakiamini kwamba samaki wamehama. Kijana yule alikuwa na malezi mema, na ndiyo maana kisa chake kinaniuma zaidi kuliko visa vya watu wenye jeuri: hakuna aliyewahi kumweleza kwamba alikuwa akivua kwa chambo cha mtu mwingine.

Wanaoniomba kipimo cha hatua ili wakikariri siwapi, kwa sababu kipimo kinabadilika na mwezi wa angani. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3, mkondo unakuwa mkali, na njia ya chambo inakuwa ndefu na nyembamba. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo sana, harufu inazagaa karibu na chombo, na unaweza kukaa nyuma ya mtu kwa umbali wa wastani bila kumdhuru. Tena maji hugeuka kila baada ya saa 6 na dakika kadhaa, na yanapogeuka, aliyekuwa mbele anajikuta nyuma. Aliyekaa ubavuni anabaki ubavuni, na hii ni sababu nyingine ya kupapendelea mahali hapo tangu mwanzo.

Kuna kipindi kifupi kinacholeta ugomvi mwingi, nacho ni pale maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Ngalawa ni nyepesi na imekaa juu juu ya maji, kwa hiyo inafuata upepo. Boti yenye mkuku, ule uti wa chini, uliozama inafuata mabaki ya mkondo. Vyombo vilivyokuwa vikitazama upande mmoja asubuhi yote vinaanza kugeukiana, amari, yaani kamba za nanga, zinakaribiana, na mirengu ya ngalawa, ile miti ya pembeni, inaanza kuukwaruza ubavu wa boti iliyopakwa rangi mwezi uliopita. Mwenye boti anakasirika na kusema amegongwa. Kwa desturi ninayoijua mimi, mwenye mashine ndiye anayefupisha amari yake au kusogea, kwa sababu kwake ni kazi ya dakika chache, ilhali mwenye ngalawa akishang'oa nanga atalazimika kupiga kasia dhidi ya maji ili arudi alipokuwa.

Haya yote ni ya maji yaliyo kati ya pwani na visiwa. Ukitoka nje, kwenye bahari kuu, mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi, upepo wa kusini, na kwa unyonge wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, kwa sababu upepo huo unaukabili. Huko usitegemee maji yageuke ili yakuondolee lawama. Ukikaa kaskazini mwa mtu, utakuwa umeikalia njia yake siku nzima.

Kwenye miamba ya nchi kavu hakuna nanga, lakini maji yanaongoza vilevile. Mkondo unaokwenda sambamba na pwani unausogeza mshipi pembeni, kwa hiyo rusha mbele yako moja kwa moja, na mshipi ukifika mbele ya jirani, uvute urushe upya. Usiungoje hadi ukatishe wa kwake. Jirani akinasa samaki mkubwa, walio karibu naye wavute mishipi yao mara moja, bila kuombwa. Wala usiushike mshipi wa mwenzako kwa nia ya kumsaidia mpaka akuite. Kolekole anapofika karibu na jiwe hugeuka kwa nguvu mara ya mwisho, na mkono wa mtu wa pili ulioushika mshipi ndio unaoukata. Mishipi ikitatana, anayekata ni aliyekuja mwisho, hata kama wa kwake ndio wa bei kubwa.

Mengine nitayataja kwa haraka, kwa sababu hayana utata. Dema la mtu, yaani mtego wake wa samaki, halipandishwi. Nanga yako ikinasa kamba yake, ikwamue, ulirudishe palepale, na ukirudi pwani umweleze mwenyewe. Ukikuta taa za jarife, yaani wavu mkubwa, usiku, zunguka. Ukirambaza, yaani ukivuta ndoana nyuma ya chombo kinachokwenda, na kukuta ndege wameshukia kundi la samaki, pita pembezoni na usilipasue katikati. Wanawake wanaotafuta pweza mwambani maji yanapopwa wana mashimo wanayoyajua na kuyarudia, kwa hiyo usirushe ndoana juu ya vichwa vyao, wala usikanyage ovyo mahali wanapotegemea kurudi kesho. Waliokusaidia kuvuta chombo pwani wapewe kitoweo, kidogo kulingana na ulichopata.

Kuhusu habari za samaki inafaa nikae kidogo. Kuuliza "Vipi, wanakula?" ni salamu ya kawaida, na jibu lolote ulilopewa ulipokee bila kuchungulia kapu. Kuuliza alama za mwamba ni jambo jingine. Mwamba wa chini ya maji hupatikana kwa kupanga vitu vya nchi kavu viwili viwili, mnara na mnazi upande huu, kilima na paa la nyumba upande ule, na pale mistari miwili inapokutana ndipo unapotia nanga. Maghorofa ya Masaki yameziba baadhi ya alama za zamani na yenyewe yamekuwa alama. Mzee akikupeleka kwenye mwamba wake, amekupa kitu alichokipata kwa miaka mingi. Ukiitoa simu mfukoni, ukahifadhi mahali pale bila kumwomba, kisha ukawatumia rafiki zako kumi, umemnyang'anya, hata kama ngalawa yake imerudi salama na kapu lake limejaa. Nimewaona vijana wenye heshima kubwa, wasioweza kukaa mzee akiwa amesimama, wakifanya hivyo na kushangaa kwa nini hawaalikwi tena.

Sasa niseme linalonitia shaka, kwa sababu sitaki ionekane kwamba desturi zetu zote ni za haki kwa kuwa ni za zamani. Desturi ya kumheshimu aliyetangulia ilikua wakati wengi wetu tulitoka kwa tanga. Upepo wa alfajiri ulikuwa mmoja kwa wote, na aliyefika mwambani kwanza alikuwa ameamka mapema au anaijua njia vizuri. Leo anayefika kwanza ni mwenye mashine na petroli. Mzee wa tanga anaondoka pwani usiku, na bado anakuta boti iliyotoka baada yake imekwisha kukaa juu ya mwamba alioufundishwa na baba yake. Kwa desturi nitakayomfundisha mwanafunzi wangu, mzee huyo ndiye anayepaswa kwenda ubavuni, na ninapoitamka sentensi hiyo najisikia vibaya. Baadhi ya wenye boti wa Kunduchi humwachia sehemu ya juu ya mwamba mwenye tanga wanayemjua, wao wakakaa ubavuni ingawa ndio waliotangulia. Ninawapenda kwa hilo, lakini inategemea kufahamiana, na mgeni mwenye tanga hapati nafasi hiyo.

Vivyo hivyo kwa wale wanaoacha boya usiku ili kushika mahali pa kesho. Wapo wavuvi ninaowaheshimu wanaolitambua boya hilo. Mimi silitambui, kwa sababu boya halitupi chambo na halina njia ya kulindwa, na ikiwa tutalikubali, mwenye maboya mengi atashika miamba mingi akiwa amelala nyumbani kwake. Tumelibishania jambo hili pwani mara nyingi na bado hatujaafikiana.