Ganda Si Bure

Juzi tena. Mtu kaniona nimeinama naokota maganda ya risasi baada ya mazoezi ya shabaha, nikayajaze upya nyumbani, akacheka: “Ubahili huu! Risasi moja mnaipiga mara mbili?” Pale nilinyamaza. Leo najibu.

Kosa la kwanza ni la lugha, wala si lake peke yake. Neno risasi tumelibebesha mizigo mitatu: metali yenyewe, kile kichwa kinachotoka mtutuni, na kitu kizima kinachouzwa kwenye kasha. Kichwa kimeshajipondaponda kwenye tuta la udongo, baruti imeungua, fataki, kile kikombe kidogo kitakoni kinachoiwasha baruti, imelipuka. Ninachookota ni ganda tu, kimoja kati ya vinne, ingawa kwa kawaida ndicho ghali kuliko vingine.

Na hapo ndipo wapiga hesabu wanaporuka kwa furaha: ganda hujazwa mara kumi, basi gawa bei yake kwa kumi, kila mlio umekuwa rahisi! Hesabu hiyo imesahau mashine, kalibu ya kulibania ganda, mizani, na jioni nzima za mtu aliyefunga mlango apime baruti bila kusemeshwa. Kwa bastola ya milimita 9, ambayo viwanda vinaitolea risasi kwa wingi mno, unachookoa ni kidogo. Kwa bunduki ya kipimo adimu, sawa, inalipa. Mimi mwenyewe tangu nianze sijaona pesa iliyobaki. Napiga zaidi, basi.

Lakini hiyo “kumi” ndiyo inayonikera. Imetoka wapi? Ganda halina idadi, lina historia. Baruti inapowaka, ganda hutanuka likabana kuta za chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, ili gesi isirudi nyuma, kisha hunywea kidogo. Mimi nalirudisha kwenye kalibu, nalibana lipate umbo lake. Tanua, bana, tanua, bana: shaba hukakamaa, na siku moja shingo inapasuka. Hilo si kubwa, unalitupa. La kutisha ni lile lisiloonekana. Metali husogea kuelekea mdomoni, ganda likarefuka, na ukuta ulio juu kidogo ya kitako ukawa mwembamba. Kwa nje pengine utaona mstari unaong’aa, pengine usione. Mimi hupenyeza waya uliopindwa ncha na kupapasa kwa ndani; waya ukikwama kwenye kijifereji, ganda hilo limekwisha, hata kama limejazwa mara tatu tu. Ukilibana kupita kiasi kila mara utaliua mapema; ukilibana kiasi cha kutosha chemba yako, litadumu. Kwa hiyo usiniulize mara ngapi. Niulize umelibana vipi.

Wapo wanaopasha shingo moto kila mara ili shaba ilainike. Vitabu husifu. Mimi hufanya, maganda hudumu, lakini kwamba shabaha yangu imekuwa bora, nikiangalia matundu kwenye karatasi, siwezi kuapa. Kitako, hata hivyo, kisiguswe na moto kamwe.

Mengine kwa haraka: fuata jedwali la mtengenezaji wa baruti, usibuni, nawa mikono, kwa maana masizi ya fataki nyingi yana madini ya risasi, sheria ya nchi yako isome kabla ya kununua chochote.

Yule mcheshi, kusema kweli, si mtu mbaya. Kesho yake akaniletea mfuko mzima wa maganda, zawadi. Nikamulika ndani ya la kwanza: matundu mawili madogo pembeni, katikati fuawe, kinundu ambacho fataki hupondwa juu yake. Ya Berdan, mmoja wa mifumo miwili ya kukalishia fataki. Ya Boxer, mfumo wa pili, yana tundu moja katikati, sindano ya kalibu inapita na kusukuma fataki nje. Haya ya Berdan huvunja sindano. Mifumo yote miwili ni ya 1866, na kichekesho ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, ila Marekani ndiko wa Boxer ulikoshika. Nikapekua mfuko mpaka chini. Yote Berdan.

“Sasa umeokoa shilingi ngapi?” akauliza.

Nikamwonyesha pipa la chuma chakavu.