Faili la kushindania si faili la kukabidhi

Vijana wengi wanaoniletea kazi zao nizitazame kabla hawajaziingiza kwenye mashindano ya usanifu wa michoro wana mtindo mmoja: faili moja kwa kila kitu. Lile lile la kumvutia mteja ndilo wanalotaka likachapwe kwenye fulana, kwenye bango na kwenye stika ya gari.

Kwenye majukwaa kama 99designs, tovuti ambako wasanifu hushindania kazi ya mteja, kazi hupita milango miwili. Kwanza mteja anaiona ikiwa ndogo, imebanwa katikati ya kazi za wengine, pengine kwenye simu. Ukitangazwa mshindi ndipo inafuata hatua ya makabidhiano: anapokea mafaili yenyewe, anayakagua, akiridhika hela yako inaachiwa. Milango hii miwili inataka vitu tofauti kabisa.

La kuonyesha ni rahisi. JPEG au PNG, rangi za sRGB (mfumo wa kawaida wa rangi za skrini), basi. Usipeleke CMYK (mfumo wa rangi za wino wa kuchapa) hapa, kwa sababu skrini inaonyesha kwa RGB, yaani mwanga mwekundu, kijani na bluu, na rangi zako zinaweza kutokea za ajabu. Wanaochora kwenye iPad waangalie pia kama turubai lao liko kwenye Display P3, mfumo wenye rangi kali kuliko sRGB. Jukwaa likiondoa profaili ya rangi wakati wa kupandisha, wekundu uliokuwa unawaka unapoa. Halafu punguza picha hadi upana wa pikseli 150 uitazame. Kama jina la kampuni halisomeki hapo, mteja hatabonyeza ili alione vizuri, atasogea kwenye kazi ya jirani yako.

Suala la pikseli linahitaji tukae kidogo. Kuna imani kwamba ukifungua picha, ukabadilisha namba ya 72 kuwa 300, ukahifadhi, basi imeshakuwa ya kuchapwa. Namba hiyo peke yake haiongezi chochote. Inamwambia mchapaji tu apange pikseli ngapi ndani ya inchi moja. Chukua mchoro wa pikseli 2048 kwa 2048, ukubwa ambao wengi wanautumia kwenye Procreate, programu ya kuchorea ya iPad. Kwa pikseli 300 kwa inchi, unatoa kama sentimita 17 tu. Mchoro wa kifuani wenye upana wa sentimita 30 unataka pikseli 3543. Ukiiambia programu ijaze pengo hilo, itabuni pikseli kwa kukisia kutokana na zilizopo, na kingo zitalainika kama sabuni iliyolowa. Kwa hiyo soma kwanza maelezo ya shindano, ujue kitu kitachapwa kwa ukubwa gani, ndipo ufungue turubai. Kupunguza baadaye hakuna shida. Kuongeza ndiyo balaa.

Nembo haina mjadala: vekta, yaani mchoro wa mistari na nukta unaokuzwa bila kuharibika. Lakini vekta ya kweli, si picha iliyopitishwa kwenye kitufe cha kugeuza kiotomatiki. Kitufe hicho mara nyingi kinakuachia duara lenye nukta nyingi zisizo na maana, wakati duara safi linahitaji nukta 4. Kwenye skrini huoni tofauti. Nenda kwa fundi mwenye plota, ile mashine ya kukata stika, uone kisu kinavyofuata kila nukta, kikitetemeka kwenye mkunjo uliotakiwa kuteleza. Kuhusu Canva, programu ya mtandaoni yenye violezo tayari, ni nzuri kwa mabango ya harusi na matangazo ya haraka, ila vipande vya maktaba yake vinatumiwa na kila mtu. Nembo iliyojengwa kwa vipande hivyo haiwezi kuwa mali ya mteja mmoja, na mashindano ya nembo yanataka hivyo.

Fulana zina mambo yake. Uchapaji wa skrini, yaani wa kupitisha wino kwenye kitambaa cha wavu, unahitaji fremu moja kwa kila rangi, kwa hiyo maelezo yakisema rangi zisizidi 4, hawakutanii. Kivuli kinachofifia taratibu si lazima kihesabike kama rangi moja. Na hata pale rangi haziwekewi kikomo, kama kwenye DTF (mchoro huchapwa kwenye filamu kisha hubandikwa kwenye fulana kwa joto), kivuli laini kinaleta tabu. Mashine huweka wino mweupe chini ya rangi, na pale pikseli zilipo nusu wazi ule mweupe huchungulia, mchoro ukazungukwa na ukungu kwenye fulana nyeusi. Njia yangu ya kukagua: naweka tabaka la waridi kali kabisa chini ya mchoro. Vumbi lote nililodhani nimelifuta linajitokeza.

Kwa karatasi, geuza nakala iwe CMYK mapema ili ushtuke wewe kabla mteja hajashtuka. Bluu kali ya skrini huelekea zambarau, na kijani cha kung'aa hakipo kabisa kwenye wino wa kawaida. Maandishi madogo meusi yawe meusi ya wino mmoja. Yakijengwa kwa wino nne, karatasi ikihama kidogo tu herufi zinapata vivuli. Acha milimita 3 za mchoro za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi.

Fonti: kwenye faili la mwisho geuza maandishi yawe maumbo, lakini mpe mteja na nakala inayoharirika, pamoja na jina la fonti na mahali pa kuipata. Usimfungashie faili la fonti uliyonunua bila kusoma leseni yake. Za Google Fonts hazikusumbui, kwa kuwa zina leseni huria zinazoruhusu hata kazi za biashara.

Picha zote ziingizwe ndani ya faili, zisibaki zimeunganishwa na folda iliyoko kwenye kompyuta yako. Kisha fungua kifurushi kizima kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Hapo ndipo utajua kilichosahaulika.

Saa ya mwisho nayo ina mtego. Ikiandikwa 11:59 usiku kwa saa za Pasifiki za Marekani, kwetu Afrika Mashariki ni kesho yake saa nne na dakika 59 asubuhi, au saa tatu na dakika 59 wakati wamesogeza saa zao mbele. Ikiwa ni 11:59 usiku kwa UTC (saa ya kimataifa), kwetu ni saa nane na dakika 59 usiku, yaani bora upandishe kabla hujalala. PSD (faili la Photoshop) ya megabaiti 400 kwa bando la simu haitakusubiri dakika ya mwisho.

Na mteja akikuomba faili la AI (la Adobe Illustrator) au PSD kabla hajatangaza mshindi, mjibu kwa upole kwamba litakuja kwenye makabidhiano. Kwa kuamua, JPEG inamtosha.