Kidari kilichovunjika: maswali ya wafugaji wa kuku wa mayai Tanga

Maswali haya nimeulizwa na wafugaji wa Makorora, Kange na Pongwe, wengi wao kina mama wenye kuku mia au mia mbili nyuma ya nyumba.

Kuku wangu wanakula na wanataga. Kwa nini unaniambia huenda wamevunjika mifupa?

Kwa sababu mfupa unaovunjika zaidi kwa kuku wa mayai hauonekani kwa macho. Ni mfupa wa kidari, ule uliosimama chini ya kifua kama mkuku wa jahazi. Aliyevunjika mguu utamwona anachechemea. Aliyevunjika kidari anakaa kimya, anachelewa kupanda fito, na yai analitoa. Denmark walipima kuku 4,794 kutoka makundi 40, wakachapisha matokeo mwaka 2021: takriban 85 kwa kila 100 walikuwa na kidari kilichovunjika. Kuku wetu wa kisasa nao ni mbegu zilizozalishwa kwa ajili ya kutaga, hivyo usiseme hayo ni mambo ya Ulaya.

Nitajuaje, mama wa watu, na mimi si daktari wa mifugo?

Kwa vidole. Subiri giza liingie, kuku watulie. Mchukue mmoja, mkumbatie ubavuni ili mabawa yasipige, kisha pitisha kidole gumba na cha shahada pande mbili za ukingo wa kidari, kutoka mbele kwenda mkiani. Mfupa mzima unateleza, umenyooka. Uliovunjika ukaunga vibaya una kinundu au umepinda, na mara nyingi ni kule kwenye ncha ya nyuma. Akikaza mwili ghafla ulipogusa, jeraha bado bichi. Kuku wa kwanza niliyempata na kinundu, kikubwa kama punje ya hindi, alikuwa ametaga asubuhi ile ile. Tangu hapo sikubali tena kusikia kwamba kuku anayetaga hana tatizo. Pima ishirini, uandike.

Mifupa inadhoofika kwa nini, na chakula nanunua?

Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu. Linajengwa kwa saa zipatazo 20, na kazi kubwa huangukia usiku, wakati kuku hali. Kalsiamu ya usiku itoke wapi? Kuku anapokaribia kutaga hujenga ndani ya mifupa yake mfupa laini wa akiba, na wakati huo huo huacha kuongeza ule mgumu unaombeba. Akiba isipotosha, mwili unachota hata kwenye mgumu. Kuku pori wa Asia, ambaye ndiye asili ya kuku wote, hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mwaka. Wako anakaribia 300. Tena anapoanza kutaga, ncha ya kidari chake bado ni gegedu, haijakomaa. Ndiyo maana nawaomba msiwaharakishe mitetea kutaga kwa kuwaongezea saa za taa mapema.

Chokaa si tunayo tele hapa Tanga?

Mawe ya chokaa tunayo, lakini chokaa ya kupaka ukuta usiiguse, imechomwa, itamuunguza. Tumia ya mifugo. Chakula cha wanaotaga kinahitaji kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4 hivi, na ikiwa yote ni ya unga laini hupita tumboni upesi. Wawekee alasiri, kwenye chombo cha peke yake, chembe za mawe ya chokaa au maganda ya chaza yaliyopondwa, milimita 2 hadi 4. Hizo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Fosforasi na vitamini D navyo vinahitajika. Vifaranga wasipewe chakula cha wanaotaga, kitawaharibu figo.

Nikiwafungia kwenye vizimba si hawataruka na kuumia?

Asiyetembea mifupa yake inazidi kuwa dhaifu, na siku ya kumtoa ndiyo anavunjika. Afadhali ufupishe mruko. Egesha ubao wenye vipingo vya kukanyagia kutoka chini hadi kwenye fito. Uswisi walijaribu ngazi za namna hiyo, maporomoko na mivunjiko vikapungua. Taa usizime ghafla, wataruka gizani wagonge fito kwa kidari.

Wachuuzi wanawaning'iniza miguu juu kwenye baiskeli. Kuna ubaya?

Mkubwa. Mifupa iliyokwisha kuliwa na mayai 200 haihimili kuvutwa mguu mmoja. Mshike kwa mikono miwili, kifua kikiwa kimeegemezwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kuku ni mnyama.

Niliyemkuta amevunjika nimfanyeje?

Kama anatembea na anakula, mtenge na wenzake wanaomdonoa, kwenye maranda makavu, maji na chakula karibu, fito iwe chini kabisa. Kidari huunga chenyewe kwa wiki kadhaa. Usimpe dawa zetu za maumivu. Zitaingia kwenye mayai. Na maumivu anayo kweli: Bristol, Uingereza, kuku waliovunjika kidari walipopewa dawa ya maumivu walijifunza kupendelea mahali walipoipatia, wazima hawakujali. Asiyeweza kusimama usimwache alale hapo siku tatu ukingoja mteja. Mwite afisa mifugo, au mchinje leo.